Chupa ya Mama Neema

Kuna harufu moja ambayo ikinipata njiani hunifanya nifunge mdomo. Ni harufu ya maganda ya ndizi yaliyoanikwa juani kisha yakachomwa, yenye utamu kidogo mwanzoni na ukali unaokuja baadaye ukakaa kooni. Wiki iliyopita nilikuwa Namuwongo nikitafuta fundi wa viti. Nilipokatiza kichochoro cha kuelekea relini, nyuma ya kibanda kimoja mtu alikuwa akiyachoma kwenye karai kuukuu. Nilisimama pale na midomo imebana, mtu mzima mwenye watoto wake, kisha nikageuza na kurudi nyumbani. Viti bado vimevunjika.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu hunitania kuwa hata adhana ikilia natazama saa kwanza. Lakini ugonjwa huu sikuuanzisha mimi. Nyumba yetu yote ilikuwa nao, na mji wenyewe ulitusaidia kuutunza. Nyinyi mliokulia Kampala wakati wetu mnakumbuka hofu ya butwa, ile sumu ya kutiliwa mtu chakulani. Aliyekukaribisha kinywaji alipiga funda moja kwanza yeye mwenyewe, ukamwona akimeza, ndipo akakupa. Baba alikuwa na duka dogo Kabalagala, katikati ya mabaa, akiuza maji na betri na vocha za simu. Alituhadithia jinsi wanywaji wanavyofunika glasi zao kwa kiganja wakiwa wanaongea, na jinsi mtu akienda msalani huacha bia yake nusu na akirudi anaagiza nyingine. Baba alisimulia haya huku akicheka. Mama hakucheka hata siku moja, na sisi alitukataza kula popote isipokuwa nyumbani.

Sisi ni Waswahili wa siku nyingi katika mji huu. Mzee wetu wa kwanza alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akasahau kurudi. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeishika hadithi hiyo, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza duniani. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na tukigombana alikuwa akitishia kumwomba marehemu babu anipe talaka.

Mwaka ule nilipoingia sekondari, Bibi alianza kuungua kifuani kila akila. Wali ulimchoma, chai ilimchoma, hata uji mwepesi ulimrudia kooni. Dawa za hospitali zilimsaidia siku mbili tatu kisha moto ukarudi. Alikuwa akila vijiko viwili na kuisukuma sahani kwa nyuma ya mkono, kwa adabu, asimuudhi Mama aliyepika. Mikono yake ilikuwa minene, yenye bangili za fedha ambazo hazijatoka tangu harusi yake. Sasa bangili zilianza kuteleza, akinyanyua mkono zinashuka mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nazitazama bangili zile kuliko nilivyomtazama usoni.

Ndipo Mama alipomleta Mama Neema. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyekuwa akitwanga na kuuza sombe, yaani kisamvu, kule chini karibu na reli. Mama alimtaka aje mchana, wakati yeye na Baba wako dukani, ampikie Bibi na kumwangalia. Siku ya tatu Bibi alimaliza sahani. Siku ya tano aliomba kuongezewa. Sombe ile ilikuwa laini, ya kijani iliyokolea, na Bibi aliila kwa vidole bila kushika kifua hata mara moja.

Mama alifurahi kwa siku kama mbili hivi, kisha akaanza kuuliza.

"Miezi minne nampikia mimi, anasukuma sahani," nilimsikia akimwambia Baba barazani. "Huyu ana wiki moja, mtu analamba vidole. Amempa nini?"

"Amempa chakula," Baba alisema.

"Chakula hata mimi nampa."

Baba alirudi kwenye gazeti lake. Mimi nilibaki na lile swali, amempa nini, nikalibeba kama langu, na ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu zangu. Kabla Mama Neema hajaja, nikitoka shule nilikuwa nikijitupa kitandani kwa Bibi na kumhadithia yote. Sasa nilikuta wawili hao wanacheka. Mama Neema alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akichambua majani, na Bibi alikuwa akimwambia, "Imba, mwanangu, lakini taratibu, malaika wangu wasije wakahama." Zamani utani wa Bibi ulikuwa wangu peke yangu. Niliona wivu, na kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na mitatu sikujua kuwa ule ni wivu, nikadhani ni akili.

Siku moja nilirudi mapema, shule ilifungwa saa sita. Nilipita uani bila viatu. Kutoka dirishani nilimwona Mama Neema amechuchumaa mbele ya sigiri, chungu kinachemka. Alitoa katika mkoba wake kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Kilikuwa kichupa cha dawa ya kikohozi, cha rangi ya kahawia, bila karatasi ya jina. Aligeuka akatazama mlangoni. Kisha akamimina kijiko kimoja ndani ya chungu, akakoroga, akakifunga kile kichupa tena katika kitenge na kukirudisha mkobani. Sombe ikatoa povu kidogo. Kilichonikaa rohoni ni kule kugeuka kwake kutazama mlango.

Wiki ileile Mwalimu Opio alitufundisha asidi na besi.

Mwalimu Opio alikuwa mwana wa askari, amekulia katika nyumba za jeshi kule Mbuya. Alifundisha kwa Kiingereza safi cha kitabuni, lakini akitaka kitu kiingie kichwani alihamia Kiswahili cha kambini, kikavu, kisichojali ngeli, na darasa zima lilinyooka migongo. Wenzangu wengi hawakukielewa, walikiogopa tu, kwa sababu wazazi wao waliwahi kukisikia kwa watu wenye bunduki. Mimi nilikielewa. Kwa hiyo kila alipokitumia nilihisi anaongea na mimi.

Karatasi za litmasi zilikuwa haba, kila moja aliikata vipande vitatu kwa mkasi na kutugawia kwa ncha ya koleo dogo. Mezani kulikuwa na vikombe: limau, siki, maziwa yaliyoganda, maji ya sabuni, dawa ya meno iliyokorogwa. Tulichovya. Kwenye limau, karatasi ya buluu ikageuka nyekundu, na kwenye sabuni, karatasi nyekundu ikageuka buluu, taratibu, kuanzia ukingoni kuja katikati. Sijaona kitu kilichonipendeza vile tangu wakati huo. Kitu kimekaa kikombeni kimenyamaza, hujui ni nini, na kikaratasi kidogo kinatoboa siri yake.

Mwisho akatoa chupa ya kostiki, ile wanayotengenezea sabuni. Alichovya nyekundu, ikawa buluu papo hapo. Akatia unyoya wa kuku katika bomba la kioo, akamimina kostiki juu yake na kulipasha moto. Unyoya ulilegea, ukawa uteute wa manjano, ukaisha.

"Hii kitu inakula nyama," alisema, akitupitisha macho mmoja mmoja. "Hapana gusa. Hapana onja. Ikiingia tumboni, kwisha."

Nilikaa na fikra yangu, na niwaambieni ilikuwa fikra ya mtoto aliyejiona mwerevu. Nyekundu ni limau, ni ukwaju, ni siki ya achari, vitu tunavyokula kila siku. Buluu ni sabuni, na kostiki inayoyeyusha unyoya. Hakuna mtu anayekula sabuni. Basi nyekundu ni chakula na buluu ni butwa. Sikumuuliza Mwalimu, kwa sababu sikuona cha kuuliza. Kengele ilipolia nilichukua vipande vitano vya nyekundu vilivyobaki mezani, nikavichomeka katika pindo la mtandio wangu.

Kipande cha kwanza nilikipoteza kwa dawa yetu ya meno, nyumbani, kwa majaribio. Kiligeuka buluu kidogo, nikaogopa, nikakaa siku tatu bila kupiga mswaki. Hilo lingepaswa kunifundisha kitu. Kipande cha pili nilikichovya kwenye chai ya Bibi akiwa amefumba macho, na hakikubadilika. Bibi alifumbua jicho moja. "Mke mwenzangu, unavua samaki?" Nikasema ni kazi ya shule.

Siku iliyofuata nilimngoja Mama Neema atoke kwenda kumwogesha Bibi. Nikasikia maji yanamwagika bafuni na wimbo wake wa chini. Nikafungua mkoba. Nikafungua kitenge. Kichupa kilikuwa baridi na mdomo wake ulikuwa na unga mweupe uliokauka. Nilichovya. Kikaratasi kiligeuka buluu kabla sijakitoa, buluu ileile ya kostiki, haikuja taratibu kama ile ya sabuni. Harufu ikanipanda puani, ile harufu niliyowaambia, na nikafunga mdomo kwa nguvu isije ikaniingia.

Nilichovya kingine kwenye sombe iliyokuwa chunguni. Kilitoka kijani, kwa kuwa sombe yenyewe ni kijani, na mtu mkweli angesema haionekani kitu. Mimi niliona buluu.

Mama aliporudi nilimwonyesha kipande kile cha kichupa kikiwa kimekauka ndani ya daftari. Alikaa kitandani, akakitazama bila kukigusa. Mama hakusoma sana, na vitu vya shule aliviheshimu kwa namna ambayo leo hunitia uchungu nikiikumbuka.

"Hii ndiyo inaonyesha sumu?"

"Ndiyo."

"Mwalimu wako amesema?"

Mwalimu Opio hakujua hata kama nina bibi. Nilisema, "Amesema."

Kesho yake Mama aliondoka dukani saa nane. Niliporudi kutoka shule nilimkuta jikoni, kichupa kiko mezani, kitenge kimefunguliwa, na kando yake kikombe cha chai kitupu. Mama Neema alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono imelowa. Bibi alikuwa chumbani kwake, mlango umerudishwa.

"Nimekuuliza kwa heshima, dada yangu," Mama alisema. "Hiki ni nini?"

"Ni maji ya majivu, mama. Maganda ya ndizi. Unachomaka, unapitisha maji. Kwetu Bukavu tunapikiaka ile. Sombe inalainika, na tumbo haiunguzi."

"Majivu." Mama alilitamka polepole. "Unamlisha mama mkwe wangu majivu. Na kwa nini unayaficha?"

"Niliogopa. Pahali nilifanya kazi mbele, walisema majivu ni ya uchawi, wakaimwanga yote chini."

Kusikia neno uchawi limetoka kinywani mwake mwenyewe, Mama akatikisa kichwa. Akamimina maji yale kwenye kikombe, nusu yake, akakisukuma mbele.

"Basi onja wewe kwanza."

Ndivyo tunavyofanya sisi. Mwenye kutoa ndiye wa kuonja, na mtu asiye na lake jambo hupiga funda akamaliza maneno. Nilimtazama Mama Neema nikiomba anywe. Nasema kweli, wakati ule niliomba anywe.

"Hii siwezi, mama. Ile hainywewaka hivi. Ni kali, inachoma kinywa. Ni ya kutia kijiko tu mu chungu."

"Umekataa."

"Ninakataa hii. Sombe nitakula."

Akachukua sahani, akapakua sombe ya Bibi, ikawa kilima. Akakaa kwenye kigoda na kula, kijiko kwa kijiko, bila haraka, sisi tumesimama tunamtazama. Jikoni kulisikika kijiko tu. Alipofika katikati aliinua macho, akayatua mkononi mwangu, ambako nilikuwa nimeshika daftari lenye kile kikaratasi. Aliendelea kula mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Wenye butwa huwa wamekunywa dawa yake kabla," Mama alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Mama Neema aliosha ile sahani, akaifuta, akairudisha mahali pake. Akavaa mkoba begani. Mama alimfungulia geti, na majirani wawili waliokuwa wakisuka nywele ng'ambo ya njia waliacha kusuka. Kutoka chumbani Bibi aliita, "Neema, kuna nini huko?" Hakuna aliyemjibu mpaka geti lilipofungwa, ndipo Mama akaingia kumwambia kuwa Mama Neema amepata safari ya ghafla. Bibi akauliza mbona hakumuaga. Mama akasema alikuwa na haraka.

Jioni Baba alikitazama kichupa juu ya kabati. "Mpeni basi mtu anayejua akipime."

"Kimeshapimwa."

"Na nani?"

Mama alinionyesha kwa kidevu. Baba alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nilijisikia mkubwa na mdogo kwa wakati mmoja.

Bibi aliacha kula. Mama alimpikia wali wa nazi, alimpikia ndizi za kuponda, alimsagia nyama ikawa kama uji. Vijiko viwili, kisha nyuma ya mkono. Kifua kilianza kumuungua upya, alikuwa akilala ameegemea mito mitatu. Mimi nilijiambia kuwa ni mabaki ya butwa yanamtoka. Mama pia alisema hivyo. Tulikuwa tukiambiana hivyo jikoni, mimi na yeye, tukiwa karibu kuliko tulivyowahi kuwa, na nakiri kwamba nilifurahia ukaribu ule.

Wiki moja na siku kadhaa baadaye, Mwalimu Opio aliingia darasani na mkebe wa maziwa uliotobolewa chini. Ndani kulikuwa na majivu. Aliyamwagia maji, yakadondoka chini ya mkebe tone kwa tone ndani ya bika, maji ya rangi ya chai nyepesi. Harufu ilifika benchi la nyuma nilipokuwa nimekaa. Alichovya litmasi nyekundu, ikawa buluu palepale.

"Nani kwao wanapikia hii?" aliuliza kwa Kiingereza.

Mikono ikainuka. Nusu ya darasa. Mmoja akasema bibi yake huko Busoga huitia kwenye maharagwe, mwingine akasema kwao hutiwa kwenye kunde, wakaanza kubishana ipi inalainika zaidi, wanacheka. Nilinyanyua mkono.

"Ticha, lakini imegeuka buluu."

Akanijia mpaka mezani, akahamia Kiswahili chake. "Na sabuni je? Na dawa ya meno? Wewe unapiga mswaki, umekufa? Buluu hapana kesi. Angalia nguvu yake ni ngapi, na wewe unatia kiasi gani. Hii ukikunywa kikombe, itachoma mdomo. Ukitia kijiko kwa chungu, hiyo ni chumvi ya wazee."

Kisha akaitumbukiza ile karatasi ndani ya bika, akakamua limau juu yake, tone moja, jingine, jingine. Ile buluu ikafifia ikawa zambarau, ikatulia. "Hii na hii zikikutana," alisema, "zinanyamaza zote mbili. Hata mtu tumbo yake ikiwaka asidi, unamtafutia kitu ya upande huu." Akaniuliza kwa nini ninauliza. Nikasema hakuna, Ticha.

Mngetegemea kwamba nilikimbia nyumbani nikasema. Sikusema. Nilikaa siku nne na jambo hilo. Nilikuwa nikimwona Mama anavyopita karibu na kabati bila kukitazama kichupa, na nikajua kuwa nikifungua mdomo, itabidi nianze na lile neno moja, amesema. Kwa hiyo nilitafuta njia ya kuendelea kumshuku Mama Neema. Huenda ni majivu, nilijiambia, lakini huenda kuna na kingine ndani yake. Mtu akitaka kushuku hakosi mahali pa kuanzia.

Siku ya tano nilikuwa nikimnawisha Bibi mikono. Bangili moja iliteleza kupita kiganja, ikaanguka ndani ya beseni. Haikugonga hata kidole. Bibi aliitazama ndani ya maji, akacheka kidogo. "Babu yako ananidai vitu vyake," akasema. Niliiokota, nikaiweka juu ya mto wake wa kulalia, nikatoka na sare ya shule mwilini mpaka chini Namuwongo.

Sikupata shida kumpata, niliuliza wauza sombe wakanielekeza. Alikuwa nyuma ya vibanda, karibu na reli, anatwanga katika kinu kirefu, na pembeni yake karai la maganda lilikuwa likifuka moshi. Aliniona, akamalizia alichokuwa anatwanga, ndipo akauweka mchi kando.

"Bibi iko namna gani?"

"Hali chochote."

Akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyepima. Na nilimdanganya Mama, nikasema mwalimu amesema."

"Najua. Niliona karatasi mu mukono yako." "Siku ile unafungua mukoba, nilisikia. Nikasema mutoto anatafuta pipi."

Nililia. Nilimwomba arudi. Akasema kwetu harudi, Mama alimtoa mbele ya watu, na watu wale wanapita hapa kununua mboga, wengine wameacha kununua kwake. Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe, kwamba maneno ya jikoni kwetu yaliteremka kilima kabla yangu. "Lakini Bibi hajanikosea kitu," akasema, na akaanza kuchochea moto.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamtazama akipika. Safari hii hakuficha. Kichupa kingine, kijiko kimoja, povu kidogo. Ilipoiva alipakua kwenye hotipoti ndogo yenye maua. Kabla ya kufunika alichukua kijiko, akachota kutoka katikati, akala. Sikumwambia aonje. Alinitazama akiwa anatafuna, kisha akameza na kufungua mdomo kidogo ili niuone mtupu, kama mgonjwa aliyemeza kidonge mbele ya nesi. Ndipo akafunika.

Mama alikuwa amesharudi nilipoingia na hotipoti. Nilimweleza yote, nimesimama palepale mlangoni, na lile la mwalimu nikalisema mwisho. Nilingoja kofi. Mama aliitazama hotipoti, akaangalia kabati, akaangalia tena hotipoti.

"Ameonja?"

"Ameonja."

"Umemwona akimeza?"

"Nimemwona."

Akasogea pembeni kunipisha. Hilo tu ndilo Mama aliloliweza. Kumwomba radhi Mama Neema hakwenda, ila kesho yake kichupa hakikuwepo juu ya kabati, na hotipoti aliiosha mwenyewe, akanikabidhi.

Bibi aliinusa sombe kabla hajaiona. Alikula nusu sahani, akapumzika, akamaliza. "Karudi?" akauliza. Nikasema hapana, ametuma. Akanitazama kwa jicho lake moja lile. "Msalimie. Na wewe, mke mwenzangu, umeshamaliza kuvua samaki?" Sikujua anajua kiasi gani, na sikuthubutu kumuuliza.

Kuanzia hapo nilishuka relini mara tatu kwa wiki. Bangili zilirudi kukaza, si kama zamani, lakini hazikuanguka tena. Bibi aliishi mwaka mzima na zaidi, akala, akatania, akafa asubuhi moja usingizini, kwa uzee tu. Muda wote huo Mama Neema hakuacha. Kila siku alichota kijiko kutoka katikati, akameza, akafunua mdomo, ndipo akafunika. Tulishazoeana, alishajua masomo yangu na marafiki zangu, nami nilishajifunza nyimbo zake, na bado kijiko kile kilikuwepo kati yetu. Mara nyingi nilijiambia leo nitamwambia, mama, usionje. Ni maneno mawili tu.

Baada ya arobaini ya Bibi nilimrudishia hotipoti yake. Alikuwa amepika. Alisema hii si ya kubeba, ni yangu, nile nikiwa nimekaa. Alinipakulia sahani, na kabla ya kunipa akachukua kijiko. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kupokea, ulikuwa karibu kabisa na wake, ningeweza kuushika. Nilingoja ameze, ndipo nikala.